Mawe ya Wanawake wa Dranya

Tulisikia nyundo kabla ya kumwona mtu. Ko, ko, ko, kutoka mwambani, na nyanya yangu akaacha kupepeta ulezi.

"Hiyo si kusaga," alisema.

Mwamba ule wa Dranya ulikuwa na vishimo laini kama mabakuli. Wanawake wa ukoo wetu walikuwa wamevisaga hivyo, mikono juu ya mikono, tangu kabla ya jina lolote tunalolikumbuka. Mwanamke akifa, jiwe lake la kusagia liligeuzwa kifudifudi ndani ya kishimo chake, na hakuna aliyeligusa tena. Mimi mwenyewe nilifundishwa kusaga pembeni mwa mawe hayo, nikikatazwa hata kuyatupia kivuli changu.

Tulimkuta kibarua akipigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Vishimo vya marehemu, vyote kumi na kimoja, vilikuwa vitupu. Alituambia bosi wake, mpimaji wa madini, aliona mawe yamelala ovyo akayatia guniani kama sampuli. Kesho yake lori lingeyapeleka Entebbe.

"Ameandika hapa iko mwamba tupu," alisema, bila kututazama.

Alfajiri tulitembea hadi Koboko. Mpimaji alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko. Gunia liliegemea kitanda chake.

"Mama, mawe iko ya serikali," alisema.

"Serikali ilisagia wapi unga yake?"

"Ukileta matata naita askari."

Miaka ile neno hilo lilinyamazisha nyumba nzima. Nyanya alicheka.

"Ita, kijana. Hao askari yako yote wamekula uji ya hii mawe. Tuone nani atanishika."

Hakuita. Nyanya akapiga magoti, akaingiza mkono guniani kama anayetafuta mtoto ndani ya shuka, akatoa jiwe moja. "Hii iko ya mama yangu. Alisaga na mkono wa kushoto. Shika."

Mpimaji alilishika kwa mkono wa kulia. Halikukaa. Akalihamishia kushoto, na vidole vyake vikazama mahali vidole vya marehemu vilipokuwa vimelichimba jiwe miaka na miaka. Alilitua haraka, kama kaa la moto.

"Basi chukua," alisema. "Lakini ripoti nimeshaandika."

Ripoti ilikuwa mezani. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na niliyasoma yale maneno mawili: mwamba mtupu. Niliichukua kalamu yake na kuandika chini yake, kwa herufi kubwa, hadi karatasi ikakaribia kutoboka: HAPA PANA WANAWAKE KUMI NA MMOJA.

"Wewe binti, unajua unaharibu karatasi ya nani?"

"Ukiifuta nitakuja kuandika tena," nilisema.

Nyanya alijitwika gunia. Jiwe la mama yake alilibeba mkononi, mkono wa kushoto. Nilitangulia nje, yeye akanifuata, akaubamiza mlango kwa kisigino.