Kisutu cha Bibi na Duka la Maureen

Niliitikia kwa kichwa. Nimelikana jambo hili kwa miaka ishirini na kitu: mbele ya mama yangu, mbele ya mama mdogo Shemsa, mbele ya wanawake wa harusi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mara moja, Mungu anisamehe, nikiwa nimefunga. Basi nianze nalo kabla sijapata nafasi ya kulipamba. Nilitumwa kusema maneno, sikuyasema. Niliulizwa swali moja fupi, nikaitikia kwa kichwa.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Juzi binti yangu alirudi nyumbani na koti la mtumba, akalitupa juu ya kiti, nami nikaliokota ili nimgombeze. Sikumgombeza. Koti lilikuwa na ile harufu ya sufu kuukuu, sabuni ya unga na manukato ya mtu usiyemjua, na mara moja nikawa tena msichana wa miaka kumi na mmoja, nimesimama mbele ya kaunta mjini Birmingham, na mfuko mkononi.

Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili tulikuwa tukiishi Hodge Hill, katika nyumba iliyogawana ukuta mmoja na jirani aliyekohoa. Baba alikuwa fundi huko Tyseley, kwenye karakana ya treni. Mama alikuwa na miaka miwili Uingereza, na Kiingereza chake kilitosha kusalimia na kushukuru, si zaidi. Kati ya hapo nilikuwepo mimi. Nilikuwa waziri wa mambo ya nje wa familia. Nilizungumza na watu wa gesi, na walimu wangu mwenyewe siku walipoita wazazi kulalamika juu yangu (vikao hivyo vilikwenda vizuri sana), na daktari, ambaye kupitia kinywa changu alimuuliza Mama mambo yaliyonifanya nitazame viatu vyangu kwa wiki nzima.

Kwenye barabara yetu ya maduka, katikati ya kinyozi na muuza keki, palikuwa na duka la chariti. Nguo, vikombe, vitabu, vyote vimetolewa na watu bure ili viuzwe na fedha ziende kwa wagonjwa. Aliyesimamia kaunta Jumamosi alikuwa Maureen, mwanamke wa umri wa Mama, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, ambaye alimwita kila mtu mpenzi, hata polisi. Mama alimpenda. Hawakuwa na lugha, lakini walikuwa na utaratibu wao: Maureen akiinua sweta, Mama akikunja uso; Maureen akiinua jingine, Mama akiweka mkono kifuani; wakacheka. Nguo zangu zote za baridi zilichaguliwa namna hiyo, bila yeyote kuniuliza.

Kwa Mama lile lilikuwa duka la mitumba tu, ila la watu wenye adabu. Alijua vitu vyake vimeshatumika. Hakujua vinafikaje pale. Alidhani vinakuja kwa marobota, kama Tanga. Mimi nilijua. Nilishaona watu wakiingia na mfuko uliojaa, wakauweka juu ya kaunta, wakashukuriwa, wakatoka mikono mitupu. Katika duka lile kitendo hicho kilikuwa na maana moja tu.

Jumamosi ile tulikuwa tumetoka kwa mgeni aliyewasili kutoka Tanga na mzigo wetu. Ndani ya mfuko mlikuwa na udi, mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunjwa, na kisutu cha Bibi. Kisutu ni kanga ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Bibi alifunikwa nacho alipokuwa bibi harusi. Mama alifunikwa nacho. Baada ya wiki mbili ilikuwa zamu ya mama mdogo Shemsa, aliyekuwa akiolewa na kijana wa Perry Barr, na Bibi alikuwa amekituma kwa sababu miguu yake mwenyewe haikuweza kupanda ndege.

Tukiwa njiani kurudi, Mama akakumbuka samaki.

"Kisutu hakiingii kwa muuza samaki," alisema. "Kinanukia udi wa mama yangu, sikipeleki kwenye mapezi. Mpelekee yule mama wa mitumba mfuko, mwambie atuwekee, tunarudi sasa hivi."

"Mama, hapa hawafanyi hivyo."

"Hawafanyi nini? Kuweka mfuko? Hawana mikono?"

Nyinyi mliokulia kwetu mnajua kwamba Mama hakuomba jambo la ajabu. Unaingia sokoni na kikapu kizito, unamwachia muuza duka yeyote unayemfahamu, naye anakisukuma chini ya meza kwa mguu bila kukatiza mazungumzo yake. Ukirudi baada ya saa tatu kipo, na pengine amekifunika kwa ajili ya nzi. Hashukuriwi sana, kwa sababu kesho na yeye atakuwa na kikapu. Mama alikuwa amenunua kwa Maureen miaka miwili. Kwake yeye hiyo ilitosha: huyu ni mtu wetu.

Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia vipaza sauti vya stesheni vikionya kuhusu mizigo iliyoachwa bila mwenyewe, na nilikuwa na aibu ya miaka kumi na mmoja, ambayo hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Mama alibaki mlangoni na kigari chake cha sokoni. Mimi nikaingia. Nyuma yangu walisimama mabibi wawili wakisubiri. Sentensi niliyokuwa nimeipanga, ya kumwomba mama wa Kiingereza atushikie mfuko wetu tukanunue samaki, ilinikauka mdomoni. Nikauweka mfuko juu ya kaunta.

"Hivi ni vya kwetu, mpenzi?" Maureen akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akanishukuru kwa furaha kiasi kwamba nilijisikia mtu mwema. Nilijiambia, na hapa ndipo msomi niliyekuja kuwa alipoanza kuonyesha kipaji chake, kwamba huenda kweli amenielewa.

Kwa muuza samaki palikuwa na foleni, halafu Mama akabishana kuhusu macho ya samaki aina ya changu. Tuliporudi, kama saa moja na nusu baadaye, tulisimama mbele ya dirisha la duka. Mbuzi yetu ya nazi ilikuwa imekunjuliwa katikati ya dirisha. Juu yake alikaa mwanasesere wa kauri mwenye kofia ya ukili, miguu kulia na kushoto, ule ulimi wa chuma wenye meno ukichomoza mbele yake kama shingo ya farasi. Kadi iliyoandikwa kwa mkono ilisema: kigoda cha Kiafrika.

Mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Hawa mwanangu," alisema polepole. "Mbona mbuzi yangu imekaliwa?"

Ndani, Maureen alitupokea kwa uso uliochangamka, ukabadilika alipomwona Mama. Mbuzi ilitolewa dirishani papo hapo. Udi ulipatikana kwenye kikapu cha sabuni. Kisutu hakikuwepo. Kilikuwa kimenunuliwa na mwanamke mwenye mbwa, aliyesema kitafaa mezani Krismasi.

Nilimfasiria Mama hilo neno kwa neno, kwa sababu sikupata uongo wa haraka. Rangi ilimtoka usoni. Sikuwahi kujua kwamba msemo huo ni habari ya kweli mpaka nilipoona midomo ya mama yangu ikigeuka kijivu. Alishika kaunta.

"Mwambie ile ni amana," alisema. "Muulize, mtu anaachiwa amana anaiuza? Muulize!"

Maureen naye alikuwa akisema kwa haraka, ameshika mnyororo wa miwani: kwamba alinipa nafasi ya kusema, kwamba aliniuliza waziwazi, kwamba mimi nilikubali. "Mwambie mama yako, mpenzi. Mwambie nilikuuliza."

Walinigeukia wote wawili. Katika duka lile, na pengine katika barabara ile nzima, nilikuwa mtu pekee aliyewaelewa wote wawili, na nilitambua kwa mara ya kwanza kwamba hakuna ambaye angeweza kunikosoa.

"Anasema," nilimwambia Mama, "kitu kikishaingia dukani ni cha duka."

Kisha nikamgeukia Maureen nikamwambia kwa Kiingereza safi kwamba Mama anasema haidhuru.

Mama wakati huo alikuwa akilia kwa sauti na kupiga kaunta kwa kiganja. Maureen aliutazama uso wake, akanitazama mimi, akautazama tena. Bado naliona lile jicho.

Mama mdogo Shemsa aliolewa kwa kisutu cha kuazima, cha mwanamke wa Unguja ambaye baadaye alikumbushia wema huo kila tulipokutana. Ndoa imedumu, wana watoto watatu, hakuna mkosi wowote. Lakini Bibi alipoambiwa kwa simu aliuliza kama angalau tumepata samaki. Mama akaihamishia hasira yake mahali ilipoweza kukaa. Yule mama ni mwizi, alisema, tena mwizi wa kucheka nawe. Alilisimulia jambo hilo kwenye kila harusi na kila hitima, na likakua zuri zaidi kila aliposimulia, mpaka Maureen akawa amekivaa kisutu chenyewe. Wanawake wetu wakaacha kuingia duka lile. Tulipolipita, Mama alivuka barabara.

Na sasa lile ambalo ni baya zaidi. Wiki moja baada ya tukio, karatasi ilibandikwa kwenye dirisha la Maureen. Alikuwa amekichora kisutu kwa kalamu za rangi, nyekundu na nyeusi, pindo na yote, kwa kumbukumbu, na si vibaya. Chini aliandika kwamba anamwomba aliyenunua kitambaa hiki akirudishe, ni cha bibi harusi, kiliuzwa kimakosa, na kosa ni lake yeye, Maureen. Niliisoma nikienda shule na niliisoma nikirudi. Nilishtuka kuliko siku ya kwanza. Alijua nani mwenye kosa, na alikuwa ameandika jina lake mwenyewe.

"Wameandika nini pale?" Mama aliniuliza siku moja kutoka ng'ambo ya barabara.

"Wanauza makoti," nikasema.

Karatasi ilikaa hapo mpaka ule wekundu ukafifia kwa jua, na mnajua jua la Birmingham linavyofanya kazi polepole. Kisutu hakikurudi.

Nikakua, nikasoma, nikapata shahada, nikalipwa kuandika insha kuhusu ukweli. Mama alipika miaka kumi na mitano katika jiko la shule, akajifunza Kiingereza cha kuwatuliza watoto mia tatu wenye njaa. Mimi nilibaki na kichwa changu kilichoitikia. Nilidhani kosa langu lilikuwa kupoteza nguo. Ilinichukua muda wa aibu kuelewa kwamba walikuwa wamenikabidhi pia maneno yao, kila mmoja ya kwake, wakiamini nitayafikisha, na kwamba ni hayo niliyoyauza.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Hodge Hill na binti yangu, amevaa lile koti. Mama alilinusa kabla hajamkumbatia, akaanza: "Nikwambie habari ya mwizi mmoja..." Binti yangu, ambaye anasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, aliuliza mwishoni swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: kwa nini mwizi aweke mbuzi dirishani, mahali ambapo mwenyewe ataiona?

Mama akanitazama mimi.

Nikasema yote. Niliyasema nikitazama viatu vyangu, kama kwa daktari. Mama hakupiga kelele. Alikuwa akichambua mchele. Mkono wake ulisimama juu ya sinia na ukabaki hapo. Nilingoja aulize kuhusu Bibi, au Shemsa.

"Na ile karatasi ya makoti?" aliuliza.

Nikamwambia ilikuwa nini. Nikamwambia kuhusu ile picha, na jina chini yake.

"Miaka yote hii," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimemla nyama mtu asiye na kosa. Kwenye hitima, Hawa! Nimemsema kwenye hitima ya watu!" Akajipangusa mikono kwa kanga. "Nitafutieni namba ya lile duka."

"Mama, sidhani kama bado yupo. Na ni Jumapili."

"Nitafutieni."

Binti yangu aliipata kwenye simu yake. Duka bado lilikuwepo, na siku hizi hufunguliwa hata Jumapili. Nilinyoosha mkono niipokee simu, kwa mazoea, kama nilivyofanya tangu nina miaka tisa. Mama aliusukuma mkono wangu kando.

"Wewe kaa. Leo sihitaji mkalimani."

Akamuulizia Maureen kwa Kiingereza cha jikoni kwake, kilichonyooka. Kijana aliyepokea akasema asubiri. Tulisubiri. Nilisikia hatua, na kitu kikigonga kaunta, labda miwani. Mama alisimama, akaenda na simu mpaka dirishani, akanipa mgongo, akashusha sauti. Nilipata neno kitambaa, neno binti yangu, na neno samahani mara tatu. Halafu akasikiliza kwa muda mrefu. Mabega yake yalitikisika, na sikuweza kujua kama ni kilio au kicheko. Alisema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Akakata simu na kurudi kwenye sinia lake, akaendelea kuchambua.

"Amesema nini?" nikauliza.

Mama alitoa chuya moja, akaitupa kando.

"Hayo," alisema, "ni yangu na yake."