Ndege ya Makorora Iliyotua Pemba

Sisi tuliokulia Makorora, Tanga, miaka ile ambayo dukani hamkuwa na kitu isipokuwa mwenye duka na paka wake, tulijua kutengeneza. Mpira tulitengeneza, gari tulitengeneza, na nguo tulifua kwa majani ya mpapai mpaka tukanuka shamba. Lakini nyumba iliyotengeneza ndege ni moja tu, nayo ni yetu.

Fundi alikuwa kaka yangu mkubwa, Hatibu. Aliwahi kupata kibarua cha kufagia uwanja wa ndege, siku moja akachungulia chumba cha rubani, basi, dunia ikamwishia pale. Wenzake walivuka mpaka wa Kenya pale Horohoro kwa magendo ya sabuni na dawa ya meno. Yeye alivuka mtaa kuomba makasha matupu ya chai. Kwa plaiwudi ya makasha yale, ambayo bado ilinukia majani ya milimani, akajenga chumba cha rubani kamili, kipimo kilekile alichokiona, ukumbini kwetu. Vifuniko vya makopo ya samli vikawa saa za kupimia mwendo na kimo. Usukani ulikuwa wa baiskeli. Mikanda ilikuwa kamba za katani. Ukijifunga kidogo tu unatoka na mistari kama pundamilia. Viti vyote vya nyumba akavigongelea misumari humo ndani. Majirani wakimsuta Mama, aliwajibu, "Mwacheni. Wangu mimi angalau najua alipo."

Mimi nilikuwa injini ya kushoto. Mdogo wangu Abdi alikuwa injini ya kulia. Tulijibanza chini ya sakafu ya mbao, tukinguruma kwa midomo na kuitikisa ndege kwa mabega. Nawaambieni, tukiwaka sote wawili, kuku wa Makorora nzima walikuwa hawatagi.

Ndege ilipokamilika ndipo kaka akakumbuka kupima mlango. Haikutoka. Ikabaki palepale, imejaa ukumbi kama ng'ombe kitandani.

Baba hakuwa na habari. Alikuwa Muheza kwa msimu wa machungwa. Akarudi Ijumaa, siku ileile alipokuja mgeni kutoka Pemba kuleta posa ya dada yetu Zuhura. Dada alimpenda yule kijana wa Wete, mkulima wa karafuu, hata akikuta karafuu kwenye pilau haitemi, anaifunga kwenye pindo la khanga. Lakini Baba alishasema: mume akitaka, ahamie Tanga, mwanawe havuki bahari. Mwenyewe aliiogopa bahari, maji ya beseni yalimtosha.

Mvua ilikuwa inamwagika, barazani hapakaliki. Baba akaitazama ndege, akamtazama kaka, akameza maneno kwa sababu mgeni alishapiga hodi. Alikuwa mshenga, Mzee Faki, ami yake mwoaji, na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Wala hakushangaa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Miye nimekuja kwa chombo nikitapika njia nzima, kumbe nyie mna ndege."

Akapanda, akajifunga mkanda. Haya ikampandisha na Baba. Kaka akakaa kwenye usukani. Dada alipoleta sinia la kahawa na vitumbua, akamwinamia sikioni: "Kaka, wakishuka humu hawajakubaliana, mie nimekwisha."

Kaka akagonga sakafu kwa kisigino. Tukanguruma.

Wazee wakaanza vizuri, za huko, za safari. Halafu bahari ikaingia katikati.

"Mwanangu havuki maji," akasema Baba.

"Na wetu haachi mikarafuu ya babu zake akaja kumenya machungwa."

"Machungwa yana kosa gani?"

"Miye nnashuka!" Mzee Faki akafungua mkanda.

"Samahani, mzee wangu," kaka akasema bila kugeuka. "Tuko juu. Mlango haufunguliwi hewani."

Nikajua leo patachimbika. Mzee Faki akatazama kioo cha mbele, nailoni iliyochorwa mawingu kwa chokaa. Akatazama vifuniko vya samli. Akajifunga tena.

Wakati huo Abdi alishapenyeza mkono juu akachukua kitumbua. Injini ya kulia ikazimika. Ndege ikalalia upande wa Baba, naye akakumbatia kiti.

"Hatibu! Hatibu mwanangu, teremsha!"

"Pa karibu ni Pemba tu, Baba."

"Hapohapo! Popote!"

Tukatua kwa kishindo hata kofia ikamfunika Baba macho. Mzee Faki akasimama, akaikung'uta kanzu, akampa Baba mkono.

"Karibu Pemba, ndugu yangu. Umetuletea nini?"

Ninyi wa rika langu mnaelewa. Mtu mzima haendi ugenini hivihivi. Baba mwenyewe ndiye aliyetuimbia kila siku, "Mkono mtupu haulambwi." Kupitia upenyo wa mbao nikamwona anapapasa mfuko huu, anapapasa ule, jasho linamtiririka. Hakuwa na kitu. Akalitazama pazia la mlango, ambapo vidole vya dada vilionekana vimelishikilia.

"Nimewaletea binti," akasema.

Vigelegele vya Mama vilisikika hadi Muheza. Kwenye harusi ndege ilivunjwa ikawa kuni za pilau. Kaka alizichochea mwenyewe huku akilia, akasingizia moshi. Na Baba akampeleka dada kwa chombo cha kweli, macho kafumba mpaka Wete.

Baadaye mambo yakawa ruksa, sabuni zikajaa madukani, hakuna tena wa kuomba kasha la chai. Leo mjukuu wangu anarusha ndege kwenye simu, kajilaza, kajifunika shuka. Juzi kanitajia mji aliotua, hata mimi niliyefaulu jiografia masomo ya jioni sikuujua.

"Umepokewa na nani?" nikamwuliza.

"Kwani huwa mtu unapokewa, Babu?"

Akapaa tena, maskini, hata maji ya kunywa hajapewa.