Kisanduku cha Salamu

Binti mmoja, fundi wa vifaa vya elektroniki, alimtengenezea baba yake kisanduku kidogo: ukibonyeza kitufe, kinavuta kutoka mtandaoni salamu aliyoirekodi asubuhi ile. Kwenye karakana kilifanya kazi vizuri. Nyumbani, alikoishi mzee na dada yake, kila ikifika mchana kilinyamaza kama kimenuna.

Jumamosi akaenda, akakiunganisha na kompyuta yake mezani. Mtandao ulikuwa mzima, lakini programu ilipoomba kuunganishwa ilijibiwa kuwa nafasi zimejaa. Akaipitia mstari kwa mstari mpaka akaona kosa lake: kila salamu ilifungua njia mpya ya mawasiliano, na hakuandika popote kwamba ifungwe. Karakanani hakuligundua, kwani alibonyeza mara moja moja tu.

"Baba, hiki unakibonyeza sana?"

"Aa, si sana," mzee akasema, akitazama dirishani.

Shangazi akacheka kutoka jikoni. "Mwulize vizuri. Tangu anapoamka ni 'shikamoo baba, umeamkaje', mpaka nimeikariri."

Mzee akatahayari. "Ni fupi mno, mwanangu. Inaisha kabla sijaitikia."

Fundi akainamia kompyuta ili macho yake yasionekane. Akaandika mstari wa kufunga njia, akabonyeza tena na tena, na kisanduku hakikugoma.

"Nitakurekodia ndefu zaidi," akasema.

"Rekodi, mama. Ila leo si upo?" Mzee akamvutia kiti. "Kizime kwanza, unisimulie habari za kazi."