Kopo la Jethro na Watu Watano Ambao Hawajaamua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umande haujakauka kwenye migomba, na Jethro Nyangate anabisha hodi kwa Ogaro, mkulima wa kahawa nje kidogo ya soko la Ekerenyo. Mkononi ana kopo la majani ya chai lililotobolewa kifuniko. Mfukoni ana buni kavu na punje za mahindi.

Nyumba ya baba yake Ogaro iko hatua hamsini tu kutoka hapo, na mzee mwenyewe ameketi nje akiota jua. Jethro anamsalimu kwa mbali, anaingia kwa mwana na kurudisha mlango.

"Buni ni Angwenyi, mahindi ni Nyangau," anasema. "Yule unataka tia ndani ya kopo, ingine kwa hii mfuko. Mimi naangalia ukuta."

Na kweli anageukia ukuta. Kitu kinagonga bati.

"Nimemaliza, tata," anasema Ogaro, akimwita baba kwa heshima. "Wacha nikakamue ng'ombe."

Dakika tatu hazijatimia, na Jethro yuko njiani tena.

Hii ndiyo kazi yake mwezi huu wa Oktoba 1957. Chama cha wakulima wa kahawa cha huku kina wanachama 386, na tarehe sita Novemba watachagua rais. Ndiyo, rais. Vyama vingine vina mwenyekiti, lakini hawa walijiandikia rais katika katiba yao na cheo kimewakolea, huwaambii kitu. Elijah Angwenyi ndiye anayekikalia kiti. Zakaria Nyangau anakitaka. Kamati inataka kujua mapema upepo unavumia wapi, na imemtuma Jethro akaulize.

Jethro ana miaka arobaini na tisa. Siku za kawaida ni karani wa mizani kwenye stoo ya chama, kwa mshahara wa shilingi hamsini na tano kwa mwezi. Kazi ya kuulizia watu kura ameifanya mara moja tu kabla ya hii, na aliiharibu.

Zamani haikuhitajika. Wanachama walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, wakahesabiwa, wakaenda nyumbani. Mwaka 1955 yalikuja masanduku ya kura, na ghafla hakuna aliyejua moyo wa jirani yake. Jethro akapewa daftari na wiki mbili.

"Nikajiona mjanja," ananisimulia huku tukipanda kilima. "Nikifika kwa mzee, sitaki kupanda na kushuka kwa nyumba ya kila mtoto. Namwambia awaite wote hapo kwake. Wanakuja watano, nauliza, wanajibu, naandika. Jua halijakuwa kali nimemaliza boma tatu."

Mgusii yeyote anayesoma hapa ameshika kichwa. Kuna heshima kati ya baba na mwana, chinsoni kama wanavyoiita, na mwana aliyetahiriwa hampingi babaye mbele ya watu. Mzee akisema Nyangau, wote watano wanasema Nyangau, macho chini. Jethro alikulia ndani ya desturi hiyo, na haraka ikamsahaulisha.

"Niliuliza watu watano nikapata jibu la mtu mmoja," anasema.

Alitangaza kwamba Nyangau angeshinda kwa kura sitini. Nyangau akaamini, akachinja ng'ombe kabla hata masanduku hayajafika. Akashindwa kwa kura kumi na moja. Watu wake wakasema wameibiwa, ngumi zikarushwa stooni, stoo ikafungwa, na kahawa iliyoiva ikaozea mitini siku nane.

Sasa sikiliza uchungu wenyewe. Jethro anaishi kwenye shamba la Nyangau. Yeye ni omomenyete, mtu wa ukoo mwingine aliyepewa pa kukaa. Nyangau angeweza kumfukuza na hakumfukuza.

"Aliacha kuniita tu," anasema Jethro. "Kukiwa na kazi ya pamoja, siitwi. Kukiwa na msiba, nasikia kwa njia. Na watu wa Angwenyi nao wanasema mimi ni mtu wa Nyangau, si nalala kwake?"

Mkewe, Jemimah, alifariki mwaka 1951. Binti yao wa pekee ameolewa Kiogoro. Jumamosi Jethro, ambaye ni Msabato, huenda kanisani, huketi kwenye benchi lile lile, na nafasi ya kulia kwake hubaki wazi. Mwandishi wa habari hizi aliketi hapo Jumamosi iliyopita bila kujua, na watu waligeuka kutazama.

Safari hii hamwiti mtu kwa baba yake. Anakwenda nyumba kwa nyumba, maana desturi ile ile iliyomfunga mwana mdomo inamkataza baba kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. "Kwa mlango wake mtoto ni mwenyewe," asema. Hata jina halitamkwi, ni punje tu na ukuta.

Kwa siku anaingia nyumba kumi hivi. Wanamjibu kwa adabu na kumfungulia mlango atoke. Nimemfuata siku tatu, na sikusikia akiambiwa keti, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Huyo ni mama Nyamusi, mjane mwenye miti mia mbili ya kahawa. Ni mara ya tatu Jethro kufika kwake.

"Wewe tena?"

"Mimi tena, mama."

"Bado sijaamua." Anazirudisha punje zote mbili kiganjani mwa Jethro. "Angwenyi alileta mashine ya kumenya, sikatai. Lakini barabara ndiyo hiyo unaona. Nyangau naye anaongea sana. Keti, uji uko motoni. Alafu urudi kesho."

Karani mwingine angekereka. Jethro aliketi, na uso ukamng'aa mpaka nikaona haya kumtazama.

Jumatano jioni alilimwaga kopo. Kati ya watu 120 aliowauliza, mahindi yalikuwa 58, buni 57. Watano hawakutia kitu.

Nyangau, aliyekwisha kuisikia hesabu, alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwa Jethro, mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Mzee huyo hana hila, ana kiu ya cheo tu. "Jethro, hamsini na nane si kubwa kuliko hamsini na saba?" aliuliza. "Basi kesho sema niko mbele. Usinitie aibu mara ya pili. Na Jumapili tunavuna wimbi, uje."

Uje. Jethro anasema hakulifikiria shamba, alifikiria neno hilo. Angeweza kusoma hesabu kama ilivyo na asiitwe mwongo.

Alhamisi, mbele ya kamati na wanachama wapatao sabini, alisimama na kopo.

"Mahindi imezidi buni kwa moja," alisema. "Hiyo moja si kitu. Kesho nikipita nyumba zingine mia na ishirini, inaweza kugeuka. Na wako wengine walitia mahindi kwa sababu wanajua ninalala kwa nani. Wako watano hawajui bado. Mkiniuliza nani anaongoza, nasema hakuna. Asichinje mtu ng'ombe."

Watu walicheka. Nyangau hakucheka. Alivaa kofia yake akapita kando ya Jethro, na Angwenyi, aliyetarajia kusikia yuko mbele, akapita upande wa pili.

Jumapili wimbi, yaani ulezi, lilivunwa. Jethro hakuitwa.

Nilimkuta nyumbani akifua shati. Kama Desemba itamkuta kwenye shamba hilo, hajui. Nilimuuliza yeye mwenyewe angemchagua nani. Aliendelea kufua. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na hana kura. Mwanachama lazima awe na miti yake, na omomenyete haruhusiwi kupanda mti wa kudumu katika ardhi ya mtu. Amepima kahawa ya watu 386 kwa miaka tisa, na hana hata mche mmoja.

Ana mpango lakini. Anazungumzia kununua kipande cha shamba upande wa Magwagwa, cha kutosha miti mia moja. Mwaka wa tatu ataanza kuchuma, na ataandikwa mwanachama.

"Alafu siku moja karani mwingine atabisha hodi na kopo lake," anasema, akikamua shati. "Nitamweka kwa kiti. Nitampa uji. Atanipa buni na mahindi, ataangalia ukuta."

"Na utatia ipi?"

"Sitatia," anasema Jethro. "Nitamwambia bado nafikiria. Arudi kesho."