Mkia Mzito wa Ndege ya Resti

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo masikio yananiwaka moto. Jana uliniuliza, tena umebenua midomo, kwa nini hapa karakanani kwangu Ilala tunamwaga mbao za maboksi yote ya ndege za kuunda kwenye jamvi moja, wakati kila mtu kanunua boksi lake mwenyewe Kariakoo. Nikakujibu ushike adabu. Hilo halikuwa jibu, nisamehe. Kaa chini nikupe jibu lenyewe.

Mimi na mwenzangu Resti tulifundishwa kuunda ndege na Fundi Jivan, mzee wa Upanga aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza saa pale Kariakoo. Alitufundisha bure, Jumamosi baada ya Jumamosi, Mungu amlipe. Zilikuwa ndege hizihizi za mbao nyepesi ya balsa, za kuachiwa: unasokota raba, pangaboi linazunguka, na ukishaiachia haina kamba wala rimoti. Kosa uliloliacha mezani huwezi kulifuata angani.

Shida ilikuwa mbao, na mpaka leo ni mbao. Boksi zuri, picha inameta, lakini huko ndani kiwanda kimekuwekea chochote kilichokuwa karibu na msumeno. Boksi hili mkia wake ni laini kama mkate, la pili ni mgumu kama rula. Mbao ngumu ndiyo nzito, na mkia ukiwa mzito, ndege inainua pua, inaishiwa nguvu, inaanguka. Ndiyo maana Fundi alimwaga zote pamoja. Tulichagua kwa zamu, kipande kimoja kimoja, macho tumefumba, mbao imelala kiganjani. Ngumu kwa uti wa bawa, laini kwa mkia. Ukimaliza unafunga fungu lako kwenye gazeti na kuandika jina.

Jamani, Resti alikuwa na mkono! Akikwambia hii nyepesi, ni nyepesi. Mimi nilikuwa na mdomo tu.

Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, tukimwita Mangi kama wanavyoitwa wenye maduka wengi waliotoka Kilimanjaro. Mangi alitaka bintiye asimame kaunta auze misumari. Sasa fundi mmoja wa karakana ya ndege ndogo za kweli, rafiki wa Fundi Jivan, akasema atakuja uwanjani Jangwani kututazama, na mmoja wetu atamchukua akajifunze kazi. Mangi akamwambia bintiye: ukichaguliwa, nenda, usipochaguliwa, usinitajie tena ndege. Nililijua hilo. Nataka ulisikie vizuri, nililijua.

Wiki moja kabla, Fundi alikwenda kunywa chai, naye Resti akampelekea baba yake chakula. Nikabaki na mafungu mawili ya magazeti. Nikafungua la Resti, nikachukua mkia wake laini, nikamwekea wangu mgumu. Umbo ni lilelile, rangi ileile. Nilifunga upya hata mikunjo ya gazeti nikaifuatisha. Shetani akikupa kazi hukupa na ufundi wake, nyie!

Ikafika Jumamosi ile. Ndege yangu ilipanda taratibu, ikazunguka juu yetu mpaka watu wakachoka shingo. Yule mgeni wa karakana akaniuliza jina, nami nikavimba. Ya Resti ikainua pua, ikasita, ikaanguka kwa mkia. Akaongeza udongo puani ili ikae sawa, ikawa nzito yote, ikaanguka tena karibu na miguu ya baba yake aliyekuja kutazama, mkia ukang'oka. Mangi akainama. Akamwokotea bintiye mabaki, na huo upole wake uliniumiza kuliko kama angefoka.

Resti akamwendea Fundi. Hakulia. Alisema, "Fundi, mimi niliupima ule mkia nikaona mwepesi. Mkono wangu haujui. Ngoja nikauze misumari."

Hapo ndipo roho iliponipasuka, mwanangu. Nilidhani nimemwibia kipande cha mbao, kumbe nilikuwa nimemfanya asiuamini mkono wake mwenyewe.

Fundi Jivan akauchukua mkia uliong'oka, akafumba macho, akaulaza kiganjani. Akaiomba na ndege yangu, akaigusa mkiani kwa kidole kimoja. Akanivuta pembeni. Nilisubiri kofi, kwa kweli nililitamani.

"Wepesi umeuchukua wewe, Hamisi," akasema. "Uzito ulimwachia nani?"

Nikaanza kubabaika, mara sikukusudia, mara Fundi nisitiri. Akaniambia hatasema yeye, atasimama palepale mpaka niseme mimi. Akakunja mikono, mzee wa watu, jua la utosini.

Nikaenda. Nilisema mbele ya Resti, mbele ya Mangi, mbele ya yule mgeni, na sauti ilikuwa inakatika kama redio yenye betri mbovu. Nikatamani ardhi ipasuke. Mangi alinitazama hivi, nikajua lile duka sitalikanyaga tena. Resti hata hakunitazama. Aliutwaa ule mkia mgumu mkono mmoja, akaugusa wa ndege yangu kwa mwingine, akafumba macho. Akatabasamu.

"Kumbe ulikuwa unajua," akauambia mkono wake.

Yule mgeni akampa wiki moja aunde upya. Mkia wake nikaung'oa kwenye ndege yangu kwa mikono yangu mwenyewe nikamrudishia. Jumamosi iliyofuata aliirusha, akachukuliwa, na amezifanyia matengenezo ndege za watu wazima mpaka kustaafu. Mimi Fundi alinirudisha jamvini nianze upya, kupima kipande kimoja kimoja, na kazi hii inayonilisha imetoka hapo. Kila nikimkumbuka nashukuru kwamba hakunisemea. Angenisemea, ningebaki mwizi aliyekamatwa. Resti naye huja hapa kila mwezi, huvua viatu, hukaa jamvini achague nami. Hajawahi kulitaja.

Sasa sikiliza. Jana, kabla hujaniuliza, nilikuona unapapasa gazeti la mwenzako. Hukuchukua, najua, nimepima. Basi usichukue. Kizuri ukikikosa kwenye zamu yako, unda na ulichopata, nami nitakuonyesha namna ya kukisugua kipungue uzito. Na siku ukikosea, kaseme kwa mdomo wako mapema, kabla mwenzako hajaanza kujilaumu yeye.

Mungu akupe kiganja kinachojua uzito, na akupe mtu wa kusimama juani akikusubiri useme kweli, kama alivyonipa mimi. Amina. Haya, tandika jamvi, Bibi Resti anakuja.