Koti la Ngozi Halivaliwi Kinyumenyume

Nakumbuka asubuhi moja ya gulio Nachingwea, mwanangu, nikiwa na pikipiki mpya na kichwa kigumu. Nilitaka koti la ngozi, yale mazito ya zamani ya waendesha pikipiki yanayokuja kwenye marobota ya mitumba. Muuzaji mmoja alikuwa ananifuata na koti jeusi linalong'aa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila mimi shule niliishia darasa la nne na kila king'aacho kilinivuta.

Aliyeniokoa ni Mama Somoe, bibi wa Kimwera aliyezeekea kwenye mitumba.

"Hiyo ngozi ya mnyama gani? Plastiki hiyo! Likipigwa na jua la Ruangwa litabanduka kama ganda la muhogo."

Akanichomolea koti la kahawia, limepauka, zito kama mtoto aliyelala. Akanifundisha kulibonyeza: ngozi ya kweli hukunjamana kama kiganja cha mtu. Akanigeuzia ndani, penye ukingo, nione vile vinyoya. Akavuta zipu ya chuma mara kadhaa kuona kama haikwami. Nikalivaa, nikasimama kifua mbele.

"Unapiga picha? Panda juu ya robota hilo, nyoosha mikono kama umeshika usukani."

Gulio zima likacheka. "Bibi, unaniaibisha."

"Kiuno wazi hapa ni aibu tu, mjukuu wangu. Kiuno wazi barabarani ni kilema."

Mikono ikafika kwenye vifundo, mgongo ukafunikwa hadi chini ya mkanda. Nikalichukua. Wanasema mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini jembe hulivai mwilini.

Sasa nimtaje Hashimu Likwena, na akisoma asome. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa kijiwe chetu cha bodaboda.

"Wewe Selemani! Koti la ngozi na joto hili, unajipika? Geuza hilo, zipu ije mgongoni. Mbele unakata upepo, nyuma unapata hewa. Au umekuja kanisani?"

Wenzake wote walivaa hivyo, mpaka leo utawaona. Nikageuza, mgongo nikauacha wazi. Nilipopita kwa Mama Somoe aliniita kwa sauti.

"Selemani! Umevaa koti au umejifunga aproni?"

"Upepo, bibi."

"Upepo haujamchuna mtu. Changarawe ndiyo inachuna."

Nikacheka, nikaondoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu. Mimi guu lilibaki zima.

Siku hiyo nilikuwa natoka kumshusha abiria kule Malolo. Kwenye kona akatokea Maulidi, dereva wa lori la mizigo, amekata kona yote mpaka upande wangu. Hakusimama, ndiyo maana namtaja. Nikaanguka chali, nikaburuzwa. Koti likafunguka nyuma kama mlango usio na komeo, na mgongo wangu ukabaki kwenye ile changarawe. Nililala kifudifudi tangu ufuta ulipokuwa na maua hadi ulipovunwa, nisijue kama nitashika tena usukani.

Hashimu hakuja. Alituma ujumbe tu, kwamba nilipake koti mafuta ya maganda ya korosho, kwa kuwa yanazuia mchwa kwenye nguzo. Mafuta yanayounguza vidole vya wabanguaji! Kwa hasira nikaagiza koti lichomwe moto. Mama Somoe akaja na uji.

"Sikuja kukucheka. Nimekuja kuona kama masikio yamepona." Kisha akaniambia, "Angalia kifua chako."

Nikaangalia. Hapakuwa na mkwaruzo. Mikono nayo mizima.

"Koti limefanya kazi pale ulipoliruhusu. Unalichoma kwa kosa lipi?"

Akalichukua, akalifuta damu kwa kitambaa chenye unyevu, bila sabuni ya unga. Akalikausha kivulini, si juu ya bati. Palipochanika akashona kwa uzi wa fundi viatu. Mwisho akalipaka mafuta kidogo ya viatu yasiyo na rangi. Nilipopona nikalivaa zipu mbele, na ninaendesha nalo hadi leo. Mgongo hukaza kipindi cha baridi. Hashimu tunasalimiana tu. Pole yake sijaisikia.

Basi, mwanangu, chagua koti ukiwa umekaa kama umepanda, usichague kwa kioo. Livae zipu mbele na uifunge. Jua likikuchoma, fungua ukiwa umesimama, si ukiwa mwendoni. Masika ukiliona lina ukungu, lifute, ulitundike penye hewa, mbali na gunia la salfa ya kupulizia mikorosho. Kitunze kikutunze. Na watakaokucheka kijiweni waache wacheke, maana siku ya kuanguka utaanguka peke yako. Nafurahi kwamba siku hizi naona vijana wa kule Marambo wameanza kufunga zipu mbele, hakuna aliyewalazimisha.

Mungu akutangulie kwenye kila kona, awape macho madereva wa malori, na kila jioni mama yako akupokee na ngozi yako ile ile aliyokuzaa nayo. Amina.