Chupa Niliyoitikisa kwa Heshima

Nakumbuka siku niliyoitikisa chupa ya mzee Mwitaliano, mwanangu, na hadi leo nacheka peke yangu jikoni. Nilikuwa mgeni hapa Maskati kama wewe, mhudumu wa mezani hotelini, sare imenizidi mabega.

Asubuhi hiyo mzee, aliyekuwa mgeni hotelini kwetu, alinikabidhi divai nyekundu aliyoitengeneza mwenyewe kijijini kwao, karibu na Verona, mwaka aliozaliwa binti yake. Binti alikuwa amechumbiwa, na jioni wangeifungua. Ilikuwa chupa moja tu iliyobaki.

Basi mimi, msichana wa Bomet, nikataka kumfurahisha. Kwetu mursik, yale maziwa ya kibuyu, hutikiswa kwanza ndipo mgeni amiminiwe. Nikaitikisa ile chupa kwa moyo wote, mpaka mkono ukauma. Kuiinua dirishani, lo! Imechafuka kama mto wakati wa mvua.

Nilitaka kunyamaza. Taa za jioni ni hafifu, nani angejua? Lakini roho ilinisuta. Nikamfuata mzee barazani, nikamweleza huku nalia, maana kazi niliiona imekwenda.

"Kwa nini uliitikisa?" akauliza.

"Kwetu ndiyo heshima, mzee."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akanieleza: zabibu zile huanikwa vichanjani, darini, miezi ya baridi, hadi zinyauke, ndipo zikamuliwe, na divai ikae miaka kwenye mapipa. Mashapo yake huachwa yatulie chini ya chupa.

"Ungenyamaza, leo tungekunywa matope," akasema, sasa kwa ukali. "Lakini imeningoja miaka ishirini na mitano. Tuiache itulie tena, karamu tutaila kesho."

Kesho yake nilimimina mwenyewe, polepole, yeye amenishika kiwiko. Ikatoka safi. Binti akaonja, akamkumbatia babake, nami nikafurahi kama ndugu wa bibi harusi. Mzee aliporudi mwaka uliofuata, nilikuwa nimetoka likizo na kibuyu changu. Safari hiyo nilimwachia yeye atikise.

Mwanangu, nawe utakosea hapa, tena kwa nia njema kabisa. Usiyaonee haya ya kwenu, ila uliza kwanza. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kesho ikiwa bado ipo ya kurekebisha. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akukutanishe na watu wanaouliza "kwa nini" kabla ya kukasirika.